Homer Bila Mbingu, na Mwindo Wetu

Kitabu tunachotaka kukieleza mwezi huu kilitungwa na Mwitalia, Bwana Alessandro Baricco. Kilitoka mwaka 2004 kwa jina la Omero, Iliade, na baadaye kikatafsiriwa kwa Kifaransa. Kwa Kifaransa ndivyo tulivyokisoma sisi, usiku, baada ya mafundisho ya wakatekumeni. Si kitabu kirefu. Tulikifungua kwa hamu, maana shairi la Homer tumelipenda tangu seminari ndogo, tukakifunga kwa huzuni. Lakini huzuni ile haikutoka kwa Bwana Baricco peke yake. Nusu yake ilitoka kwetu wenyewe, kama wasomaji watakavyoona wakituvumilia kidogo.

Kwa wale ambao hawakupita seminarini, tueleze kwanza shairi lenyewe. Iliade ni utenzi wa kale wa Wagiriki. Mistari yake inapita 15,000, nao umegawanyika katika vitabu 24. Hausimulii vita vya Troya tangu mwanzo hata mwisho. Unashika siku chache tu za mwaka wa kumi, nao unasimulia hasira ya mtu mmoja. Achille, shujaa wa Wagiriki, amenyang'anywa mateka wake na mkuu wa jeshi, naye anakataa kupigana. Rafiki yake Patrocle anakwenda vitani mahali pake, anauawa na Hector, mwana wa mfalme wa Troya. Ndipo Achille anarudi, anamwua Hector, anaufunga mwili wake nyuma ya gari la farasi na kuuburuta mavumbini. Mwishoni mzee Priam, baba yake Hector, anakwenda usiku katika kambi ya adui kuomba mwili wa mwanawe. Katika madaftari ya ubatizo ya parokia zetu akina Achille na akina Hector hawakosekani, na Hélène ni wengi kabisa. (Hao Hélène wetu, tunatumaini, walipewa jina la mama yake Konstantino, si la yule wa Troya.)

Bwana Baricco alitaka shairi hilo lisomwe kwa sauti mbele ya watu wa leo, na mwaka ule ule wa 2004 lilisomwa hivyo Roma na Torino. Nia hiyo tunaisifu. Shairi la namna hii halikutungwa kwa ajili ya mtu mmoja aliyejifungia chumbani na taa. Basi akalichukua katika tafsiri ya maneno ya kawaida, akalifupisha, akaondoa yale yanayorudiwarudiwa, akawapa watu wa hadithi wenyewe nafasi ya kusema. Sura moja anasema Chryséis, nyingine Thersite, nyingine Hélène, nyingine mzee Nestor. Mahali fulani aliongeza maneno yake mwenyewe, naye hakuwaficha wasomaji, maana maneno hayo yamepigwa chapa kwa herufi za kulala. Mwishoni akaongeza sura ya kuanguka kwa Troya, ambayo haimo katika Iliade, akaiweka kinywani mwa mwimbaji Démodocos. Na jambo kubwa kuliko yote: aliwafukuza miungu. Zeus, Apollon, Athéna, baraza lote la mbinguni pamoja na magomvi yake, hawaonekani tena. Sababu aliitoa katika dibaji: miungu wale ni wageni kwa msomaji wa leo, tena wanakawiza hadithi.

Tuseme kwanza yaliyotupendeza, tusije tukaonekana kama watu waliokwenda sokoni kutafuta nyama mbovu. Sura ya Hector kumuaga mkewe Andromaque anaisimulia yaya wa mtoto. Kwa Homer mwanamke yule amembeba mtoto tu, hasemi neno. Hapa anapewa ulimi, nasi tunamwona mtoto akiogopa kofia ya chuma ya baba yake kwa macho ya yule aliyekuwa amemkumbatia. Ni kazi nzuri. Kama kitabu chote kingekuwa hivyo, tusingeandika makala hii, au tungeiandika fupi.

Juu ya marudio hatutakawia. Bwana Baricco anafikiri kwamba msikilizaji anachoka kusikia jambo lile lile mara ya pili. Sisi tunakaa na mama zetu wanaosali Rozari kila siku ya Mungu, na litania baada yake, wala hatujasikia mmoja akiomba Salamu Maria hamsini zifupishwe kuwa tano kwa sababu zinafanana. Neno linalorudi linampa msikilizaji mahali pa kutua. Mwimbaji naye anapata nafasi ya kupumua na kukumbuka yanayofuata. Tuendelee.

Kosa kubwa liko mbinguni. Na ajabu yake ni kwamba Bwana Baricco mwenyewe hakuweza kulishika neno lake. Katika kitabu chake, kati ya wale wanaosimulia, yumo Mto. Ndiyo, mto wa Troya, ule ambao Achille aliujaza maiti hata ukakasirika, ukafurika na kumfukuza. Kwa Homer mto ule ni mungu, ndiyo maana una kinywa. Huku miungu wamefukuzwa kwa sababu msomaji wa leo hawasadiki, lakini mto unasema, tena unasema sura nzima, na msomaji wa leo anatakiwa ausadiki! Tulicheka tulipoiona sura hiyo, kisha tukaisoma mara mbili, maana ni nzuri kuliko nyingi za jirani zake. Mtungaji alifunga mlango wa mbele, na mgeni akaingia kwa dirisha la jikoni.

Lakini ziko sura ambazo hakuna dirisha. Sarpédon ni mwana wa Zeus, anapigana upande wa Troya. Saa yake ya kufa inapofika, baba yake aliye mkuu wa miungu wote anataka kumwokoa, anasitasita, anakumbushwa kwamba wengine nao wana wana wao katika vita ile, naye anamwacha afe. Matone ya damu yanaanguka kutoka juu kama mvua, kwa heshima ya mwana. Kisha Usingizi na Mauti wanatumwa kumchukua na kumpeleka kwao akazikwe na ndugu zake. Homer hakumjua Mungu wa kweli, wala hatutaki kufananisha visivyofanana. Lakini mpagani yule aliwahi kuwaza mbingu inayolia. Katika kitabu kipya Sarpédon amepewa nafasi ya kusema, lakini baba wa mbinguni aliyemlilia amefutwa. Amebaki askari mmoja kati ya wengi, naye anakufa kama wengi.

Sasa tufike kwenye mwili wa Hector, maana hapo ndipo kitabu kilipotuumiza.

Kwa Homer siku zinapita, na Achille hachoki kuuburuta ule mwili kuzunguka kaburi la rafiki yake. Hakuna mwanadamu wa kumzuia. Mkuu wa jeshi hawezi, wenzake hawathubutu, maana bila yeye wangeangamia wote. Ndiye mwenye nguvu. Ndipo huko juu neno linasemwa, baada ya magomvi mengi: imetosha. Zeus anamwita Thétis, mama yake Achille, anamtuma kwa mwanawe na amri ya kuurudisha mwili. Mjumbe mwingine anakwenda kwa Priam kumwambia asiogope. Wa tatu, Hermès, anamwongoza mzee gizani kati ya walinzi. Achille anaitika kwa maneno machache sana. Na hata hivyo amri haikumaliza kazi yote: mzee anapopiga magoti na kuibusu mikono iliyowaua wanawe, ni Achille mwenyewe anayemkumbuka baba yake na kulia. Amri imetoka juu, na machozi yametoka ndani. Homer anayo yote mawili.

Bwana Baricco amebakiza la pili tu. Priam anasimulia mwenyewe safari yake, nayo inagusa moyo, hatukatai. Pengine mtungaji angetujibu kwamba hivyo ni bora: mwanadamu peke yake, bila kulazimishwa, ameshinda hasira yake. Jibu hilo ni tamu kwa watu walioketi ukumbini Roma. Lakini lisikilizwe kutoka hapa. Mwaka ule wa 2004 sisi tulikuwa watoto, na mwezi wa Juni mji wetu wa Bukavu ulikuwa mikononi mwa askari walioasi. Tulilala chini ya vitanda. Miaka minane kabla ya hapo, tarehe 29 Oktoba 1996, Askofu Mkuu wetu Christophe Munzihirwa aliuawa Nyawera, na mwili wake ukaachwa barabarani usiku ule, mpaka kesho yake watu walipopata kuuchukua na kuuzika. Wazee wetu wanaopita pale bado wanapunguza mwendo. Basi watu wa mji huu tukisoma habari za mwili ulioachwa mavumbini, hatusomi mambo ya kale. Na swali letu si kama mwenye silaha anaweza siku moja kuguswa moyo. Anaweza, tumeona. Swali letu ni kama yuko yeyote juu yake. Katika Homer yuko. Katika kitabu hiki kipya hayuko, na mwili wa Hector unarudi nyumbani kwa kuwa mwenye nguvu, jioni ile, alikuwa na huzuni. Je, kama angekuwa amekunywa?

Mwishoni Bwana Baricco ameongeza maneno marefu juu ya vita na amani. Anasema shairi hili linausifu uzuri wa vita, na kwamba watu hawataacha vita mpaka wapewe uzuri mwingine mkubwa zaidi. Ni maneno ya mtu mwema, tena yana akili. Tulipoyasoma tulitikisa kichwa kwa masikitiko, kwa sababu sauti iliyomwambia shujaa "imetosha" ilikuwamo tayari katika shairi, naye ndiye aliyeikata kwa ajili ya kuokoa muda.

Hapo tungeweza kufunga kitabu na kurudi kwenye kazi zetu, tukiwa tumemhukumu Mwitalia. Lakini usiku ule ule tulikumbuka daftari moja.

Yuko kijana katika parokia yetu ambaye wazazi wake walitoka Walikale, ni Mnyanga. Wasomaji wanajua, au wafaa wajue, kwamba Wanyanga wanao utenzi wao, ambao wenyewe wanauita karisi, unaomsimulia shujaa Mwindo. Mwaka 1956 mwimbaji Shé-Kárisi Rureke aliusimulia, akiimba na kucheza, kwa muda wa siku kumi na mbili. Mbelgiji Daniel Biebuyck pamoja na Mnyanga Kahombo Mateene wakauandika, ukapigwa chapa mwaka 1969 kwa Kinyanga na kwa Kiingereza. Kitabu hicho kinasomwa katika vyuo vikuu vya Marekani. Kwetu Kivu, ulipotoka, ni wangapi walikiona?

Kijana huyo aliusikia kwa bibi yake, si kitabuni. Akaanza kuuandika kwa Kiswahili kama hadithi ndefu ya kisasa, akatuletea sisi tumsahihishie. Nasi tulifanya nini? Tulichukua kalamu nyekundu. Tukamwambia: "Mwanangu, hadithi ni nzuri, lakini hawa mizimu na pepo ondoa, ili kitabu kiweze kusomwa na watoto wa shule za Misioni." Yeye ni mtii, akaondoa. Alimwondoa Muisa wa kuzimu, akamwondoa Nkuba, yule Radi, ambaye hata Washi wanamwita kwa jina hilo hilo. Sheburungu, ambaye Mwindo anacheza naye mchezo wa bahati kwa ajili ya kumpata baba yake, akageuzwa kuwa mzee tajiri wa kijiji cha mbali. Tuliporudishiwa daftari tuliona hadithi imekuwa safi. Tulishindwa kujua kwa nini imekuwa baridi.

Wasomaji watazame jinsi utenzi wenyewe ulivyo. Shemwindo, mtemi wa Tubondo, ametoa amri kwamba wake zake saba wasizae mtoto wa kiume. Mwindo anazaliwa hata hivyo, anazaliwa akicheka na kutembea, na mgwisho wake wa utemi, conga, mkononi. Baba anajaribu kumchoma kwa mkuki, anamzika, anamfunga ndani ya ngoma na kumtupa majini. Mtoto haangamizwi. Anakwenda kwa shangazi yake Iyangura, anarudi na wajomba zake, na Nkuba anaiteketeza Tubondo kwa moto wa mbinguni. Baba anakimbilia kuzimu, mtoto anamfuata. Huko chini anamkuta binti Kahindo mwenye vidonda mwili mzima, anamwosha, anamponya. Mwisho anamrudisha baba yake nyumbani, naye hamwui: mzee anaungama kosa lake mbele ya watu wote, na utemi unagawanywa kati yao. Sisi tunaofundisha sakramenti ya Kitubio tumetafuta mbali mifano ya watoto kuelewa, na mfano huu ulikuwa Walikale.

Lakini utenzi hauishi hapo, na kipande kinachofuata ndicho tulichokiua kwa kalamu yetu. Mwindo, akiwa sasa mtemi mwenye sifa, anamwua Kirimu, lile dubwana la msituni lililowameza watu. Kila mtu anafurahi. Kumbe Kirimu alikuwa rafiki wa Nkuba kwa kiapo cha damu! Nkuba yule yule aliyemsaidia Mwindo vitani anashuka, anamchukua juu. Mwaka mzima shujaa anateswa na baridi na joto: anakaa kwa Mvua, kwa Mwezi, kwa Jua, kwa Nyota, anaonywa, anakatazwa asiue tena mnyama yeyote, anaambiwa hata yeye ana mipaka. Anaporudi chini si mtu wa kujisifu tena. Anawapa watu wake sheria: walime vyakula vya namna nyingi, wajenge nyumba nzuri, wasigombane, wampokee kila mtoto anayezaliwa, hata aliye mlemavu.

Katika daftari lililosahihishwa, Kirimu amekuwa mamba mkubwa. Mwindo anamwua, watu wanapiga makofi, mwisho. Ameshinda wote, wala hakuna aliye juu yake. Tuliisoma tena sura hiyo baada ya kumsoma Baricco, na tuliona aibu. Yeye Mwitalia aliifunga mbingu ya Homer kwa kuwa wasomaji wake hawasadiki kitu. Sisi tuliifunga mbingu ya Mwindo kwa kuwa wasomaji wetu wanasadiki. Kazi iliyotoka ni moja.

Labda mmoja wa mapadri wetu atatukumbusha Mtakatifu Basili, aliyewaandikia vijana namna ya kusoma vitabu vya wapagani: wafanye kama nyuki, wachukue kinachofaa katika ua na kuacha kinachobaki. Sisi pia tulimtaja Basili kwa kijana yule, tukajiona wenye elimu! Lakini tumekirudia kitabu. Basili alimfundisha msomaji kuchagua. Hakumwambia mtu akate maua yote ya shamba abakize asali peke yake, maana nyuki wa kesho atatua wapi? Yeye mwenyewe alimsoma Homer mzima. Augustino naye alimlilia Didon wa Virgile, akaona haya baadaye, akaandika haya hiyo katika Maungamo. Ila Virgile hakumchana. Na Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika hati ya Ad Gentes ya mwaka 1965, uliwataka Wakristo wazitafute kwa furaha mbegu za Neno zilizofichika katika mila za mataifa. Mbegu haitafutwi kwa kalamu nyekundu.

Hatusemi Nkuba aabudiwe. Hakuna mtoto wa katekisimu wa parokia yetu atakayemwomba Radi kwa sababu ya kitabu, kama vile hakuna mseminari aliyemtolea Zeus ng'ombe baada ya mtihani wa Kigiriki. Mwalimu akae karibu, aeleze: hawa ndivyo babu zetu walivyowaza, walijua kwamba mwenye nguvu yuko chini ya mwingine, hawakujua bado jina lake. Kazi hiyo ni yetu, na tuliikwepa kwa kukata kurasa.

Kwa wenye kuuliza kama wakinunue kitabu cha Bwana Baricco: mwenye Homer nyumbani asihangaike. Asiye naye aanze na sura ya yaya na sura ya Mto, kisha atafute shairi lenyewe.

Jumapili iliyopita, baada ya Misa, tulimwita kijana, tukamwomba radhi, tukamwambia arudishe yote aliyoyaondoa. Tulidhani atasikitika kwa kazi iliyopotea. Alitazama chini akitabasamu, akasema, "Mwalimu, mnisamehe. Kurasa zile sikuzichoma." Jioni akaleta daftari jingine, limefungwa kwa kamba ya mgomba. Nkuba alikuwamo, na Muisa, na Sheburungu na mchezo wake. Tulisoma mpaka taa ikaisha mafuta. Ukurasa wa Mwindo akitetemeka kwa baridi nyumbani kwa Mvua, akiita shangazi yake na hakuna anayemsikia, ni bora kuliko yote tuliyomsahihishia.